Diski Moja, Wenyewe Wawili: Uchambuzi wa Hitilafu za Kukabidhi Diski Halisi kwa Mashine Pepe

Kuikabidhi mashine pepe diski halisi ni kazi ya amri moja. Kwenye Proxmox VE unaandika qm set, namba ya mashine na jina la diski. Kwenye Hyper-V unaitoa diski katika matumizi ya Windows, kisha unaichagua kwenye mipangilio ya mashine pepe. Kwenye VirtualBox unatengeneza faili dogo la VMDK linaloelekeza kwenye diski yenyewe. Dakika tano hazifiki. Lakini amri hiyo ndiyo inayowakesha wasimamizi wa seva. Diski haionekani kabisa ndani ya mashine pepe. Au inaonekana, lakini mfumo unasema ni tupu. Au imesomeka vizuri jana, na leo baada ya seva kuzimwa na kuwashwa imetoweka na nyingine imekaa mahali pake. Na baya kuliko yote: kila kitu kinaonekana sawa kwa wiki kadhaa, halafu mafaili yanakutwa yameharibika na hakuna anayejua yalianza kuharibika lini.

Hitilafu hizi zinaonekana kuwa nyingi na zisizohusiana. Ukizipanga vizuri, utaona kwamba nyingi zinatoka kwenye shina moja, yaani makabidhiano ambayo hayakukamilika. Msimamizi anaamini ametoa diski nzima, kumbe ametoa sehemu yake tu. Au ametoa diski nzima, lakini mwenyeji, yaani mfumo unaoendesha seva yenyewe, bado anaishikilia. Anayeanza uchunguzi kwa kutafuta amri ya kurekebisha hupoteza muda, na wakati mwingine hupoteza data. Anayeanza kwa kuuliza ni kitu gani hasa kimekabidhiwa, na nani bado anakigusa, huwa amekwisha kusafiri nusu ya njia.

Swali lenyewe lina umri. Mfumo wa VM/370 wa IBM, uliotangazwa mwaka 1972, ulikuwa tayari na njia mbili za kumpa mgeni, yaani mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe, mahali pa kuhifadhi: kumkatia kipande cha diski kubwa, au kumtengea kifaa chote kwa agizo lililoitwa DEDICATE. Zaidi ya miaka 50 baadaye, chaguo ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba kati ya chuma na mgeni kumeongezeka tabaka nyingi, na kila tabaka ina namna yake ya kuficha au kubadilisha kile kinachopita.

Madaraja matatu ya makabidhiano

Watu husema wamepitisha diski kana kwamba ni tendo moja. Kuna madaraja matatu, na dalili moja huweza kuwa ya kawaida katika daraja hili na kuwa hitilafu katika daraja lile.

Daraja la kwanza ni kutoa baiti. Kerneli ya mwenyeji inaendelea kuiendesha diski kwa draiva yake. Programu ya mashine pepe, tuseme QEMU, inaifungua /dev/sdb kama inavyofungua faili lolote, na mgeni anapewa diski ya kuigiza ambayo kila sekta yake inasomwa na kuandikwa kwenye diski halisi. Mgeni anapata data yote, lakini hakioni chuma chenyewe. Akiuliza modeli anajibiwa QEMU HARDDISK. Akiuliza taarifa za afya za SMART anapata jibu tupu, au jibu la kuigiza lisilosema lolote kuhusu diski. Msimamizi anayelalamika kwamba mfumo wake wa NAS wa TrueNAS hauoni joto la diski wala namba ya seriali hana hitilafu ya kurekebisha. Yuko daraja la kwanza na anadai vitu vya daraja la tatu.

Daraja la pili ni kutoa mazungumzo ya SCSI. Hapa amri za SCSI za mgeni zinapelekwa hadi kwenye diski badala ya kujibiwa njiani. Kwenye libvirt diski hutangazwa kuwa lun badala ya disk. Kwenye QEMU kifaa ni scsi-block. Kwenye Proxmox kuna chaguo la scsiblock. Kwenye vSphere kuna RDM ya hali ya kimwili, inayoundwa kwa vmkfstools na alama ya -z. Mgeni sasa anaweza kuisoma namba ya seriali halisi na mara nyingi afya ya diski. Daraja hili lina gharama yake: nyaraka za Proxmox zenyewe zinaonya kwamba scsiblock inaweza kuleta makosa ya kusoma na kuandika pale kumbukumbu ya mwenyeji inapopungua au inapokuwa imemegeka vipande vipande.

Daraja la tatu ni kutoa kidhibiti kizima, yaani kadi ya SAS au SATA pamoja na kila diski iliyochomekwa humo. Linux inafanya hivyo kwa VFIO, iliyoingia katika kerneli 3.6 mwaka 2012, ikitegemea sehemu ya prosesa iitwayo IOMMU, ambayo Intel huiita VT-d na AMD huiita AMD-Vi. Mwenyeji anaachilia kadi, na mgeni anaiendesha kwa draiva yake mwenyewe. Diski za NVMe zinanufaika zaidi hapa, kwa sababu kila NVMe ni kifaa cha PCI chenye kidhibiti chake. Unaweza kuitoa moja peke yake bila kugusa nyingine.

Kabla ya kugusa chochote, basi, soma mipangilio ya mashine pepe yako na ujue uko daraja gani. Malalamiko mengi yanamalizika hapo hapo.

Mwenyeji asiyeachia

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo ninapomsihi msomaji atulie. Mifumo ya mafaili ya kawaida, iwe ext4, XFS au NTFS, imejengwa juu ya dhana kwamba ni mfumo mmoja tu unaoandika. Kila mmoja huweka ramani ya nafasi tupu kwenye kumbukumbu yake na kuiamini. Mwenyeji na mgeni wakiifungua diski moja kwa pamoja, kila mmoja ataandika kwa ramani yake, na mmoja ataandika juu ya data ya mwenzake bila onyo lolote. Ni sawa na kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili, kila mmoja na hati yake mkononi, kila mmoja akiamini anajenga kwake. Mifumo iliyotengenezwa kwa waandishi wengi ipo, kama OCFS2 na GFS2, lakini hiyo huwekwa kwa makusudi na kwa utaratibu wake. Haitokei kwa bahati.

Msimamizi mwangalifu atasema hajaifungua diski kwenye mwenyeji. Huenda ni kweli kwamba yeye hajaifungua, lakini mwenyeji ana watumishi wengi wanaofungua diski bila kuamriwa. LVM huchunguza kila diski wakati wa kuwaka na kuviamsha vikundi vinavyojitokeza, hata vile vilivyoundwa ndani ya mgeni. Mfumo wa mdraid hukusanya diski zenye alama zake. Huduma ya zfs-import-scan inaweza kulikuta dimbwi la ZFS la mgeni na kuliingiza kwenye mwenyeji kabla mgeni hajaamka. Kwenye kompyuta za mezani, udisks hufungua diski ya nje mara tu inapochomekwa. Programu ya os-prober hupita kwenye patisheni ikitafuta mifumo mingine ya kuorodhesha kwenye menyu ya kuwashia.

Dalili yake hutegemea bahati. Ukiwa na bahati nzuri, mashine pepe inakataa kuwaka na ujumbe unasema kifaa kinatumika. Ujumbe huo ni rafiki, usiulazimishe upite. Uliza nani anaishikilia: lsblk itaonyesha kilichojengwa juu ya diski, folda ya holders ndani ya /sys/block itawataja wanaoishikilia, findmnt itaonyesha ilipofunguliwa, /proc/mdstat itasema kama mdraid imeichukua, na pvs na zpool status zitajibu kwa upande wa LVM na ZFS. Ukiwa na bahati mbaya, hakuna kinachokataa, na uharibifu unaanza kimyakimya.

Tiba ni kumzuia mwenyeji mapema, kabla hajaigusa diski. Kwa LVM, ongeza kanuni ya global_filter kwenye lvm.conf ili diski hiyo isichunguzwe. Kwa ZFS, zima uingizaji wa kuchunguza diski zote, au washa kinga ya multihost kwenye dimbwi ili mfumo wa pili ukatae kuliingiza likiwa linatumika kwingine. Kinga hiyo inahitaji kila mfumo uwe na hostid yake. Kwa daraja la tatu, hakikisha vfio-pci inaikamata kadi kabla ya draiva ya kawaida, kwa agizo la softdep kwenye mipangilio ya moduli, kwani wengi huweka namba ya kadi vizuri kisha wakashangaa kuona mpt3sas au ahci imewahi.

Windows ina namna yake. Hyper-V haikubali diski ambayo Windows ya mwenyeji bado inaitumia, kwa hiyo hutaiona kwenye orodha mpaka uitoe kazini kwa Disk Management au kwa amri ya Set-Disk. Fleshi za USB zinazotambuliwa kuwa za kuchomoa haziwezi kuwekwa katika hali hiyo, ndiyo maana hazionekani kamwe. VirtualBox nayo hutaka haki za msimamizi ili iandike kwenye diski halisi, na kwenye Linux mtumiaji awe na ruhusa ya kikundi cha disk. Ujumbe wa kunyimwa ruhusa hapo haumaanishi diski imeharibika.

Mtego wa mwisho wa kundi hili unawahusu wenye kompyuta ya mifumo miwili, wanaotaka kuiamsha Windows yao halisi ndani ya mashine pepe inayoendeshwa na Linux. Windows yenye Fast Startup haizimiki kabisa. Hubakiza sehemu ya hali yake kwenye diski, na NTFS hubaki katika hali isiyo salama kuandikwa na mfumo mwingine. Zima Fast Startup kwanza. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andaa ufunguo wa kurejesha, kwa sababu mashine pepe haina chipu ya TPM ile ile iliyokuwa ikifungua kufuli.

Jina linalohama

Hitilafu ya diski iliyobadilishana nafasi na mwenzake ina chanzo chepesi. Majina kama /dev/sdb hutolewa kwa kufuata mpangilio wa kugunduliwa, na mpangilio huo unaweza kubadilika kila unapowasha seva, unapoongeza diski au unapochomeka fleshi. Mashine pepe iliyoambiwa ichukue sdb itachukua chochote kilichoitwa sdb siku hiyo, na haitajua kwamba si diski yake.

Tumia majina ya /dev/disk/by-id, yanayobeba modeli na namba ya seriali. Hata hivyo usiache kuyakagua. Baadhi ya makasha ya USB hutoa namba ya seriali ya kasha badala ya ya diski, na kuna makasha ya bei nafuu yanayotoa namba moja kwa kila kasha la toleo hilo. Ukiwa na makasha mawili ya namna hiyo, by-id itaonyesha moja tu.

Tatizo hilo lina sura nyingine ndani ya mgeni. Katika daraja la kwanza diski zote zinaweza kufika bila namba ya seriali, na TrueNAS, inayotumia namba hizo kutofautisha diski, hukataa kuunda dimbwi. Kwenye Proxmox unaiongezea kila diski chaguo la serial na kuiandikia namba yake. Kwenye VMware unaweka disk.EnableUUID kuwa TRUE. Kwenye Proxmox, andika namba ile ile iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Siku diski moja itakapokufa, utaijua ya kuchomoa bila kubahatisha.

Diski yenye data inayoonekana tupu

Hitilafu hii ndiyo inayowatisha watu kuliko zote, na mara nyingi data iko salama. Diski ina ukubwa sahihi, lakini mgeni anasema haina patisheni. Windows inajitokeza na dirisha la kuomba ruhusa ya kuitayarisha diski upya. Usikubali. Ukikubali, Windows inaandika jedwali jipya la patisheni juu ya la zamani.

Sababu ya mara kwa mara ni ukubwa wa sekta. Kwa miongo mingi sekta ilikuwa baiti 512. Watengenezaji wa diski walikubaliana kuhamia sekta za baiti 4096 kufikia Januari 2011, na tangu hapo kuna aina tatu sokoni: zile za 512 halisi, zile zenye 4096 ndani lakini zinazojitangaza kuwa 512, na zile zinazojitangaza 4096 waziwazi, ziitwazo 4Kn. Jedwali la GPT huanza kwenye sekta namba moja, ikihesabiwa kutoka sifuri. Mfumo unaohesabu kwa 512 utalitafuta baiti 512 kutoka mwanzo wa diski. Unaohesabu kwa 4096 utalitafuta baiti 4096 kutoka mwanzo. Jedwali ni lile lile na halijasogea, ila kila mmoja anaangalia mahali pake.

Mkanganyiko huu hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza: diski ya mwenyeji ni 4Kn, na QEMU inamtangazia mgeni sekta za 512, kwani hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Tiba ni kuweka logical_block_size kuwa 4096, na kutumia virtio, kwa maana kifaa cha kuigiza cha IDE au SATA cha QEMU hakikubali zaidi ya 512. Ya pili: diski ilitayarishwa ndani ya kasha la USB linalogeuza 512 kuwa 4096, mbinu iliyotumiwa na baadhi ya makasha ili mifumo ya zamani isiyojua GPT iweze kuvuka ukomo wa TiB 2 wa MBR. Diski hiyo ikichomolewa na kuchomekwa moja kwa moja kwenye SATA, patisheni hazisomeki tena. Irudishe kwenye kasha lile lile, na data inarudi.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Amri ya lsblk ikiongezewa LOG-SEC na PHY-SEC inaonyesha sekta zinazotangazwa na zile za ndani. Ilinganishe kwa mwenyeji na kwa mgeni. Kisha linganisha ukubwa kwa blockdev --getsize64 pande zote mbili. Namba hizo lazima zilingane hadi baiti ya mwisho, kwa sababu GPT huweka nakala yake ya pili kwenye sekta ya mwisho kabisa. Tofauti ndogo kati ya ukubwa huo na ukubwa halisi wa diski mara nyingi husababishwa na kadi ya RAID, na hapo tunaingia kwenye suala la vidhibiti.

Kadi zinazoficha na kadi zisizotoka

Soko letu la Afrika Mashariki limejaa seva zilizotumika, zinazoingia kutoka Ulaya na Ghuba, na nyingi zinakuja na kadi ya RAID ndani. Kadi ya namna hiyo haikuonyeshi diski. Inakuonyesha diski ya kubuni iliyoundwa na kadi yenyewe, na huandika kumbukumbu zake kwenye sehemu ya diski halisi. HP Smart Array P410, iliyomo katika seva nyingi za ProLiant za kizazi cha G6 na G7, haina hali ya kupitisha diski zilivyo. Kila diski lazima iundwe kuwa RAID 0 ya peke yake. ZFS ikiwekwa juu yake inanyimwa taarifa za makosa inazozitegemea, na diski ikihamishiwa kadi ya aina nyingine inaweza isisomeke. Anayetaka kukabidhi diski kwa uhakika anahitaji kadi isiyojifanya bosi wa diski. Ndiyo maana LSI 9211-8i yenye chipu ya SAS2008, ikiwekewa programu yake ya ndani iitwayo IT, inayoziacha diski zilivyo, imedumu kuwa chaguo la wengi licha ya umri wake.

Ukiwa na kadi nzuri, bado IOMMU inaweza kukuzuia. Vifaa vya PCI hugawanywa katika makundi, na kundi haligawanyiki: ukitoa kifaa kimoja, vingine vya kundi hilo haviwezi kubaki na mwenyeji. Kwenye bodi za bei nafuu, kidhibiti cha SATA cha bodi hukutwa kundi moja na USB au kadi ya mtandao. Kuna kiraka cha kerneli kinacholazimisha makundi yagawanyike, lakini kinafanya hivyo kwa kudai utengano ambao chuma hakijauthibitisha. Kwa seva yenye data ya watu, ninapendekeza kuhamisha kadi kwenye tundu jingine au kubadilisha bodi kuliko kutegemea madai hayo.

Kabla ya kutoa kidhibiti cha SATA, hakikisha diski inayomuwasha mwenyeji haimo humo. Kosa hili lina dalili isiyosahaulika: unaiwasha mashine pepe, na seva nzima inakufa ganzi palepale, kwa sababu mwenyeji amenyang'anywa diski anayoishi juu yake.

Kwenye baadhi ya seva za ProLiant Gen8 kuna ukuta wa ziada. Mashine pepe inakataa kuwaka, na dmesg inataja RMRR, eneo la kumbukumbu ambalo BIOS imelitengea kifaa kwa matumizi yake. Kerneli inakataa kukitoa kifaa cha namna hiyo, na ina haki. Tatizo liko kwenye BIOS, wala kubadilisha mipangilio ya mgeni hakutasaidia chochote.

Mambo ya ndani ya mgeni

Wakati mwingine makabidhiano yamekamilika na mgeni ndiye hajui kupokea. Windows haina draiva za virtio tangu kiwandani. Ukiiwekea diski kwenye virtio-scsi kabla ya kusakinisha vioscsi kutoka kwenye faili la virtio-win, diski haitaonekana. Na kama ni diski ya kuwashia, utakutana na skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Njia salama ni kuiwasha kwanza kwenye SATA ya kuigiza, kuchomeka diski ndogo ya pili kwenye virtio ili Windows isakinishe draiva, kisha kuhamisha ya kuwashia.

Windows Server ina desturi nyingine: diski mpya inayoiona kuwa ya mtandao wa hifadhi huiacha nje ya kazi, na wakati mwingine ya kusoma tu. Fungua diskpart, ichague, iamuru online disk na attributes disk clear readonly. Lakini kumbuka yaliyotangulia: hakikisha kwanza mwenyeji ameiachia.

Mashine isiyowaka kutoka kwenye diski iliyotoka kompyuta nyingine mara nyingi ina tofauti ya UEFI na BIOS. Diski iliyosakinishwa kwa UEFI inahitaji programu ya kuwashia ya OVMF. SeaBIOS, ambayo Proxmox huichagua usipobadilisha, haitaiona njia ya kuwashia.

Diski inayokwenda polepole, na umeme unaokatika

Malalamiko ya kasi yanahitaji subira, kwa sababu makabidhiano hulaumiwa kwa makosa ya diski. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilitumia SMR, teknolojia inayopanga mistari ya data ikilaliana na inayopunguza sana kasi ya kuandika kwa muda mrefu. Walioziweka kwenye ZFS waliziona zikichukua muda mrefu mno kujengwa upya, au zikifukuzwa kwenye dimbwi. Mtu mwenye diski hizo ndani ya mashine pepe atatafuta kosa kwenye QEMU bila kulipata.

Muda wa kusubiri nao ni chanzo. Linux husubiri jibu la diski kwa sekunde 30. Diski za matumizi ya nyumbani zikikuta sekta mbovu zinaweza kuihangaikia muda mrefu kuliko huo, mwenyeji anaiwasha upya diski, na mgeni anaona makosa yasiyo na maelezo. Diski za NAS kwa kawaida hukata tamaa baada ya sekunde 7. Amri ya smartctl -l scterc hukuonyesha diski yako ni ya aina gani, na kwa baadhi hukuruhusu kubadilisha.

Kuhusu kashe, katika miji yetu ambako umeme hukatika bila taarifa, hali ya unsafe ya QEMU isitumike kwa data yoyote unayoijali, kwa kuwa hupuuza maombi ya mgeni ya kuhakikisha maandishi yamefika kwenye diski. Hali ya none, ambayo Proxmox huitumia bila kuambiwa, inayaheshimu. Ukitaka kasi zaidi, tafuta kwenye virtio-scsi-single yenye iothread, wala usiipunguzie data yako kinga.

Utaratibu wa uchunguzi

Kutokana na yote hayo, utaratibu unajipanga wenyewe: toka kwenye chuma kuelekea juu, na usiandike chochote mpaka ujue.

Anza na diski kwa mwenyeji, mashine pepe ikiwa imezimwa. Soma dmesg na smartctl -a. Kipengele cha 199, makosa ya CRC, kikiongezeka, chukua kebo mpya kabla ya kulaumu programu. Vipengele vya 5 na 197 vikiongezeka, diski inakufa. Acha kila kitu na uinakili kwa ddrescue. Kisha uliza nani anaishikilia, kwa zana zilizotajwa. Kisha tambua daraja la makabidhiano. Kisha linganisha ukubwa, sekta na namba ya seriali kwa mwenyeji na kwa mgeni. Ni hapo tu ndipo ufungue mafaili, na kwa kusoma tu.

Na kusoma tu kuwe kweli. Ext4 ikifunguliwa kwa ro peke yake bado inaweza kuandika, kwa sababu hucheza upya jarida lake. Ongeza noload, au weka blockdev --setro kabla. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja na uandike ulichobadilisha. Programu za kukarabati, kama fsck na chkdsk, ziwe za mwisho. Zikiendeshwa kwenye diski inayosomwa kwa sekta zisizo zake, au inayoandikwa na mwingine, zitaharibu kilichokuwa kizima.

Je, ulihitaji kuikabidhi?

Swali hili lilistahili kuwa la kwanza. Diski iliyokabidhiwa hainakiliki kwa picha za papo kwa papo kama diski pepe ya kawaida. Mashine haiwezi kuhamishiwa seva nyingine ikiwa hai, maana diski haiwezi kuifuata. Nakala rudufu ama zitajaribu kubeba terabaiti zote ama zitairuka diski hiyo, na ukitoa kidhibiti kizima zitairuka kwa hakika. Katika daraja la tatu, kumbukumbu yote ya mgeni hufungwa kwake na haiwezi kuazimwa na wengine.

Kuna sababu za kweli za kukubali gharama hiyo. Mfumo wa NAS unaoendesha ZFS unahitaji kuziona diski zilivyo. Mpe kidhibiti kizima. Diski ya zamani yenye data inayopaswa kusomwa mara moja na kunakiliwa inafaa kukabidhiwa kwa daraja la kwanza, kwa kusoma tu. Mfumo uliokuwa kwenye kompyuta inayokufa unaweza kuamshwa kwa njia hiyo ili kuokoa kazi ya watu. Lakini anayefanya hivyo kwa kutafuta kasi pekee atapata kidogo: kwa virtio, diski pepe iliyowekwa vizuri kwenye LVM haipishani sana na diski iliyokabidhiwa kwa daraja la kwanza, na inabaki na uwezo wote wa kunakiliwa na kuhamishwa.

Kwa hiyo amua kwanza unataka mgeni apate nini: baiti, mazungumzo ya SCSI, au chuma chenyewe. Chagua daraja linalotoa hicho, mwondoe mwenyeji kabisa, na uandike mahali panapoonekana kwamba diski hiyo ina mwenyewe mmoja. Data iliyomo ni hesabu za duka, picha za harusi, rekodi za wagonjwa na mitihani ya wanafunzi. Wenye data hiyo hawatajua kamwe kuhusu IOMMU wala 4Kn, na wanatutegemea sisi tunaojua tusiguse diski yao kabla ya kuuliza iko mikononi mwa nani.